Njia ya Kwenda na Njia ya Kurudi: Umeme Unaowasha na Kuendesha Gari

Nguvu inayosukuma magurudumu ya gari la petroli hutoka kwenye mafuta, lakini mafuta hayo hayawezi kufika kwenye silinda, wala kuwaka yakishafika, wala injini yenyewe kuanza kuzunguka, pasipo umeme. Kazi hizo tatu, yaani kuizungusha injini mara ya kwanza, kuyafikisha mafuta mahali pake kwa kipimo, na kuyawasha kwa cheche wakati unaostahili, ndizo zinazolifanya gari liwake na liendelee kuwaka; redio, kiyoyozi na vioo vya umeme ni starehe ambazo gari linaweza kuzikosa na bado likatembea. Makala haya yanashughulikia kazi hizo tatu, pamoja na vyombo viwili vinavyozilisha umeme, ambavyo ni betri na alteneta, na yanashikilia hoja moja: kwamba umeme wa gari ni mzunguko unaokwenda na kurudi, na kwamba mwenye gari asiyeijua njia ya kurudi hununua kifaa kipya pale ambapo kiungo kichafu kilihitaji kusafishwa tu. Mfano utakaotumika ni gari dogo la Kijapani lenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, ambayo Toyota iliifunga kwenye Probox, kwenye IST na kwenye baadhi ya Vitz, magari yanayoonekana kila siku katika barabara za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Mnyororo wa baiskeli unasaidia kuuelewa mzunguko huo. Upande wa juu wa mnyororo huvuta gurudumu la nyuma, na upande wa chini hurudisha pingili mbele ili zivutwe tena. Mnyororo ukikatika upande wowote ule, hata ule wa chini unaoonekana hauna kazi, baiskeli haiendi. Nguvu ya mguu unaokanyaga pedali inafanana na kile kinachopimwa kwa volti, yaani msukumo wa umeme. Wingi wa pingili zinazopita mahali fulani katika sekunde moja unafanana na ampea, yaani ukubwa wa mkondo. Na kutu inayoufanya mnyororo uwe mzito inafanana na ukinzani, ambao kipimo chake ni omu. Volti zikizidishwa kwa ampea hupatikana wati, ambazo ni kiasi cha kazi inayofanyika kwa kila sekunde. Kanuni moja tu inabaki kukumbukwa, nayo ndiyo itakayorudi mara kwa mara hapa chini: mkondo unapopita mahali penye ukinzani hupoteza volti, na volti zinazopotea ni sawa na ampea zilizozidishwa kwa omu.

Katika nyumba, kila taa huwa na waya wa kwenda na waya wa kurudi, lakini katika gari watengenezaji waliona kwamba bodi yenyewe ni chuma kinachopitisha umeme vizuri, hivyo kuweka waya wa pili kwa kila kifaa ni kupoteza shaba. Kichwa hasi cha betri hufungwa kwenye bodi kwa waya mnene mweusi, na vifaa vyote hurudisha umeme wao kupitia chuma cha bodi; njia hiyo ya kurudi mafundi huiita ethi. Injini, hata hivyo, haikai juu ya bodi chuma kwa chuma, bali hukalia mpira unaozuia mtikisiko usifike kwa abiria, na mpira haupitishi umeme. Kwa sababu hiyo injini hupewa ethi yake, waya mnene wa kusokotwa unaoiunganisha na bodi au na betri moja kwa moja, na waya huo, ambao fundi akishaishusha injini anaweza kusahau kuurudisha au kuufunga juu ya rangi na grisi, ni miongoni mwa vitu vidogo vinavyosumbua magari kuliko ukubwa wao unavyoonyesha.

Betri ya gari ni ya risasi na asidi, na asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859. Ndani ya boksi lake kuna vyumba 6, na kila chumba kina sahani za aina mbili zilizozama katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji: sahani chanya zimepakwa oksidi ya risasi yenye rangi ya kahawia, na sahani hasi ni risasi tupu iliyo laini na yenye vishimo kama sifongo. Kila chumba kilichojaa chaji hutoa volti 2.1 hivi, na kwa kuwa vyumba 6 vimeunganishwa kimoja baada ya kingine, jumla huwa takriban volti 12.6, ingawa kwa mazoea betri huitwa ya volti 12. Inapotoa umeme, asidi huungana na risasi ya sahani zote mbili na kuacha juu yake tabaka la salfeti ya risasi, huku maji yakiongezeka ndani ya vyumba. Inapochajiwa, safari hiyo hugeuzwa, na salfeti huyeyuka na kurudi kuwa asidi. Betri iliyoachwa bila chaji kwa majuma kadhaa huanza kufa kwa sababu salfeti hiyo, ambayo mwanzoni ni laini, hugeuka kuwa chembe ngumu zisizokubali tena kurudi zilikotoka.

Hapo ndipo linapoonekana kosa linalofanywa na watu wengi wenye nia njema. Kinachopungua katika betri inayotumika kila siku ni maji, ambayo hugawanyika kuwa gesi wakati wa kuchaji na kupanda hewani kwa joto, wakati asidi hubaki palepale. Kwa hiyo kinachopaswa kuongezwa ni maji yaliyokenekwa, yaani maji yaliyogeuzwa mvuke na kupoozwa ili yasibaki na chumvi yoyote. Anayeongeza asidi kila sahani zinapoanza kuonekana, kwa kudhani kwamba anaipa betri nguvu, huifanya asidi iwe kali kupita kiasi na kuzila sahani zenyewe. Joto nalo lina sehemu yake: kemia ya ndani ya betri, pamoja na ile inayoiharibu, huenda kasi zaidi kadiri joto linavyopanda, na ndiyo maana betri iliyokaa chini ya boneti katika foleni za Mombasa au Dar es Salaam haiishi miaka ambayo betri kama hiyo ingeishi mahali pa baridi.

Kazi kubwa kuliko zote inayofanywa na betri ni kuizungusha stata, yaani mota inayoianzisha injini, nayo huchukua sekunde chache tu. Ufunguo unapopinduliwa hadi mwisho, mambo hufuatana upesi kuliko sikio linavyoweza kuyatenganisha. Mkondo mdogo hupita kwenye swichi ya ufunguo na, katika gari la otomatiki, kwenye swichi nyingine inayothibitisha kwamba gia iko kwenye P au N, kisha huingia kwenye solenoidi, ambayo ni waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye bomba lenye kipande cha chuma ndani yake. Waya huo ukipata umeme hugeuka kuwa sumaku na kukivuta kile chuma, nacho kwa mwendo mmoja hufanya kazi mbili: husukuma bendiksi, yaani gia ndogo ya stata, mpaka meno yake yaume kwenye meno ya flaiwili, ile duara kubwa iliyofungwa mwishoni mwa krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, na papo hapo huunganisha vipande viwili vinene vya shaba, ambavyo vinauruhusu mkondo mkubwa utoke betri na kuingia moja kwa moja katika mota ya stata. Katika gari dogo mkondo huo hufika ampea 100 hadi 200, na injini nzima, pamoja na pistoni zinazogandamiza hewa, huzungushwa kwa kiasi cha mizunguko 200 kwa dakika hadi iwake yenyewe.

Stata ya umeme iliyofanikiwa kibiashara ilitengenezwa na mhandisi wa Marekani, Charles Kettering, na ilianza kuuzwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Kabla ya hapo dereva alisimama mbele ya gari na kuizungusha injini kwa mpini wa chuma, kazi iliyohitaji misuli na iliyoweza kumvunja mtu mkono pale injini ilipowaka mapema na kuurudisha mpini kinyume. Wahandisi wengi waliamini kwamba mota yenye nguvu ya kuizungusha injini ingekuwa kubwa mno kufungwa katika gari. Kettering aliona kwamba mota hiyo haihitaji kufanya kazi siku nzima, bali sekunde chache tu, na kwamba mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake wa kudumu mradi ipumzishwe kabla haijaungua. Stata za leo zimejengwa juu ya wazo hilohilo, na ndiyo sababu dereva anayeshikilia ufunguo kwa nusu dakika nzima gari linapogoma hupika waya za ndani ya stata na kuimaliza betri kwa wakati mmoja. Sekunde 10 zinatosha, kisha stata ipewe muda wa kupoa.

Ukubwa wa mkondo wa stata ndio unaoeleza fumbo linalowachanganya wenye magari mara nyingi: taa zinawaka vizuri, honi inalia, lakini ufunguo ukipinduliwa gari linatoa mlio mmoja wa kugonga na kunyamaza. Jibu liko katika hesabu. Taa ya mbele ya wati 55 hutumia ampea 4.6 hivi. Chukulia kwamba mahali fulani kwenye njia, kati ya kichwa cha betri na kibano cha waya, pana ukinzani wa omu 0.02 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida inayouzwa madukani haiwezi kukisoma kwa uhakika. Taa inapowashwa, volti zinazopotea mahali hapo ni 4.6 mara 0.02, yaani chini ya volti 0.1, na hakuna jicho litakaloona upungufu huo. Stata inapodai ampea 150, volti zinazopotea mahali hapohapo ni 150 mara 0.02, yaani volti 3 kamili, na stata iliyonyimwa volti 3 kati ya 12 haina tena nguvu ya kuigeuza injini. Betri ni nzima na stata ni nzima. Kilichokosekana ni mguso safi wa chuma kwa chuma.

Mguso huo unastahili kuangaliwa kwa karibu. Kwenye betri iliyotumika mwaka mmoja au miwili bila kuguswa, hasa karibu na bahari, kichwa huota unga mweupe uliochanganyika na kijani na buluu, ambao ni chumvi zilizotokana na mvuke wa asidi kukutana na risasi ya kichwa na shaba ya waya. Unga wa nje unaonekana kwa kila mtu, na wengi huumwagia maji ya moto na kuridhika. Lakini adui mwenyewe ni tabaka jembamba la rangi ya kijivu iliyofifia lililojificha katikati, kati ya uso wa ndani wa kibano na uso wa kichwa, ambalo halionekani mpaka kibano kifunguliwe. Usafi wake hauhitaji fedha nyingi. Waya hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, kwa sababu spana inayokigusa kichwa chanya na bodi kwa pamoja huku waya hasi umefungwa hupitisha mkondo wa kutosha kuyeyusha chuma. Unga huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, ambayo huizima asidi. Nyuso zote mbili husuguliwa kwa msasa hadi zing'ae, hufungwa kwa kukaza, kisha hupakwa grisi kwa nje ili hewa na unyevu visipenye.

Mlio nao husema kitu. Mlio mmoja mzito na kimya baada yake humaanisha mara nyingi kwamba solenoidi imevuta lakini mkondo mkubwa haufiki au haupiti kwenye stata. Milio ya haraka inayofuatana, tak-tak-tak, ni dalili ya betri iliyoisha au ya kiungo kibovu, kwani solenoidi huvuta, stata huanza kudai mkondo, volti huanguka, sumaku ya solenoidi hulegea na kuachia, volti hupanda tena, na mchezo huanza upya mara kadhaa kwa sekunde. Kimya kitupu kabisa, bila hata mlio mmoja, humwelekeza fundi kwenye njia ile ndogo: swichi ya ufunguo, swichi ya gia, relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) au waya mwembamba wa solenoidi.

Injini ikishawaka, betri hukabidhi kazi kwa alteneta, ambayo mitaani bado huitwa dainamo kwa jina la chombo kilichoitangulia. Mkanda kutoka kwenye krenki huizungusha alteneta kwa mwendo unaopita ule wa injini mara mbili au zaidi. Ndani yake kuna rota, yaani sehemu inayozunguka, ambayo ni sumaku inayotengenezwa kwa mkondo mdogo unaoingizwa kupitia kaboni mbili zinazougusa mhimili wake. Na kuizunguka rota kuna waya wa shaba uliotulia, ambao uga wa sumaku unapoupita huzaliwa umeme ndani yake, kwa kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Umeme unaozaliwa hivyo ni umeme geu, unaobadilisha mwelekeo kila mara, nao hauwezi kuchaji betri. Hivyo hupitishwa kwenye dayodi, vijilango vinavyouruhusu kupita upande mmoja tu, na ukitoka hapo umekuwa umeme mnyoofu. Kidhibiti, ambacho mafundi hukiita regyuleta, huongeza au kupunguza mkondo wa rota ili volti zisipungue sana chini ya 13.8 wala kupita sana 14.5, hata dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu. Volti hizo zimepita 12.6 za betri kwa makusudi, kwani umeme hausukumwi kuingia kwenye betri ila kwa msukumo mkubwa kuliko wa betri yenyewe.

Taa nyekundu yenye picha ya betri kwenye dashibodi inahusu kazi hii, wala haipimi uzima wa betri kama wengi wanavyodhani. Inapaswa kuwaka ufunguo unapofunguliwa na kuzimika injini inapowaka; ikiwaka tena barabarani, maana yake alteneta haichaji, na kuanzia dakika hiyo cheche, pampu ya mafuta na kompyuta ya injini vinakula akiba ya betri peke yake. Mkanda uliolegea au kukatika, kaboni zilizokwisha na dayodi iliyoungua ni sababu za kawaida, na ya kwanza kati ya hizo huonekana kwa kufungua boneti tu.

Kuna desturi moja katika gereji nyingi ambayo ingefaa iachwe kabisa, nayo ni kuipima alteneta kwa kuchomoa waya wa betri huku injini inazunguka, ili ionekane kama gari litazimika. Desturi hiyo ni urithi wa magari yasiyokuwa na kompyuta. Betri, pamoja na kuhifadhi umeme, hufanya kazi ya kulainisha volti kwa kuyanyonya mawimbi yanayotoka alteneta, na ikiondolewa ghafla wakati alteneta inasukuma mkondo mkubwa kuelekea kwake, rota haiwezi kupunguza sumaku yake papo hapo, hivyo volti huruka kwa sehemu ndogo ya sekunde hadi viwango vinavyoweza kukaribia 100. Dayodi za alteneta na kompyuta ya injini ndizo zinazopokea pigo hilo, na kompyuta iliyopona leo inaweza kuanza kusumbua baadaye bila yeyote kukumbuka waya uliochomolewa. Mita ya umeme ya bei nafuu, ikiwekwa kwenye vichwa vya betri injini ikizunguka, hutoa jibu lilelile bila hatari yoyote.

Cheche ndiyo kazi ya umeme inayohitaji ustadi mkubwa kuliko zote, kwa kuwa volti 12 haziwezi kuruka hata nafasi ndogo kabisa ya hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda, na nafasi kati ya ncha za plagi katika injini ya mfano ni kiasi cha milimita 1.1. Kazi ya kuziongeza volti hizo hufanywa na koili. Ndani yake kuna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja, wa kwanza mnene na wenye mizunguko michache, wa pili mwembamba kama unywele na wenye mizunguko maelfu. Umeme wa betri huruhusiwa kupita kwenye waya mnene kwa muda wa milisekunde chache, uga wa sumaku hujengeka, kisha mkondo hukatwa ghafla. Uga unapoporomoka huzaa katika waya mwembamba msukumo wa makumi ya maelfu ya volti, ambao huipasua hewa kati ya ncha za plagi na kuacha cheche. Inashangaza kwamba cheche haitokani na kuwasha mkondo bali na kuukata, na kadiri mkato unavyokuwa mkali ndivyo cheche inavyokuwa na nguvu.

Katika magari ya zamani mkato huo ulifanywa na pointi, vipande viwili vya chuma vilivyofunguka na kufunga kwa mzunguko wa distribyuta, na distribyuta hiyohiyo iligawa cheche kwa kila silinda kupitia waya nene za plagi. Injini ya 1NZ-FE haina pointi wala distribyuta. Ina koili 4, kila moja imekaa juu ya plagi yake, na mkato hufanywa na transista kwa amri ya kompyuta. Injini hiyo inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hupata cheche moja kwa kila mizunguko miwili, hivyo silinda 4 kwa pamoja hudai cheche 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa kila sekunde, na kila moja sharti itokee pistoni ikiwa mahali maalumu karibu na kilele chake. Koili moja ikifa, gari huwa linatetemeka likisimama na kukosa nguvu mlimani, na petroli isiyoungua hutoka na moshi na kwenda kuungulia kwenye kichujio cha ekzosi, ambacho huharibika kwa joto hilo. Injini za dizeli hazina cheche hizi, kwani mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa sana.

Kompyuta inayotoa amri hizo haiwezi kuzitoa bila kujua krenki imefika wapi, na habari hiyo huletwa na sensa ya krenki, ambayo ni sumaku yenye waya iliyowekwa karibu na gurudumu la meno, ikitoa mpigo mdogo wa umeme kila jino linapopita. Sensa hiyo ikinyamaza, stata huizungusha injini kwa nguvu zake zote, lakini kompyuta, isipoona meno yakipita, huamini kwamba injini imesimama. Haiamuru cheche, haifungui nozeli za kunyunyizia mafuta, na huikatia umeme pampu ya petroli iliyomo ndani ya tangi, kwa tahadhari inayookoa maisha pale gari linapopata ajali na bomba la mafuta kupasuka. Fundi anayejua jambo hili hakimbilii pampu wala plagi. Humsikiliza kwanza mwenye gari akieleza kama mlio hafifu wa pampu hutoka nyuma ya kiti kwa sekunde mbili ufunguo unapofunguliwa katika magari yenye desturi hiyo, kisha hutafuta kama sensa inaleta mpigo.

Nyingi kati ya njia hizi hulindwa na fyuzi, kipande cha chuma chembamba kilichopimwa ili kiungue kabla ya waya kuungua. Rangi zake zinafuata utaratibu unaojulikana: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20 na kijani 30. Namba hiyo imechaguliwa kwa unene wa waya unaolindwa, na ndiyo maana anayeweka fyuzi ya 30 mahali pa 10, au kuzungushia karatasi ya sigara yenye bati ili gari limfikishe nyumbani, huugeuza waya mzima kuwa fyuzi, na waya huo umepita chini ya zulia na nyuma ya dashibodi, mahali ambapo moto hauonekani mpaka uwe mkubwa. Fyuzi inayoungua tena na tena inasema kwamba waya fulani umechubuka na kugusa bodi, mara nyingi pale ambapo king'ora, redio au taa za ziada ziliunganishwa kwa kukata waya wa asili na kuufunga kwa utepe.

Mwenye gari aliye na mita ya umeme anaweza kuijua hali ya mzunguko wake kwa vipimo vinne ambavyo havihitaji kufungua kitu chochote. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri nzima husoma karibu volti 12.6, na ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu tu ya chaji. Mtu wa pili akipindua ufunguo, volti zisianguke chini ya 9.6 injini ikiwa inazungushwa. Ikishawaka, zisome kati ya 13.8 na 14.5, hata taa na feni zikiwashwa. Kipimo cha nne ndicho kisichofanywa na wengi, na ndicho kinachoikagua njia ya kurudi: ncha moja ya mita huwekwa juu ya kichwa hasi chenyewe, si juu ya kibano, na ncha ya pili juu ya chuma kitupu cha injini, kisha stata hupigwa; mita ikisoma zaidi ya nusu volti, ukinzani umekaa kwenye ethi, na hakuna betri mpya itakayouondoa.

Thamani ya kipimo hicho haiishii mfukoni. Betri moja ndogo ya gari hubeba kilo kadhaa za risasi, na risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilitoa moshi na maji machafu yaliyoingia katika nyumba, visima na damu za wakazi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho na ambaye mwanawe mchanga alikutwa na sumu hiyo, aliongoza mapambano ya kukifunga, akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, uamuzi ulioendelea kubishaniwa katika rufaa. Betri hununuliwa kwa kilo na wakusanyaji wa vyuma chakavu wanaopita gereji hadi gereji, na mizani yao haitofautishi ile ambayo sahani zake zimekwisha na ile iliyotolewa ikiwa nzima kwa sababu kibano chake kilikuwa na kutu.